Kuchagua Skii Zinazokufaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wasomaji ambao kazi, masomo au ndoa imewapeleka kwenye nchi za baridi, kuanzia Austria na Norway hadi Minnesota na Kanada, na ambao sasa wanataka kuteleza kwenye theluji badala ya kuitazama kupitia dirishani. Yanashughulikia jambo moja tu: ni skii zipi zinazomfaa nani, na kwa sababu gani.

Aina kuu za skii ni zipi?

Mgawanyiko wa kwanza ni wa kisigino. Katika skii za milimani, ambazo ndizo wengi huziona kwenye televisheni, buti ni la plastiki ngumu na limeshikwa mbele na nyuma, hivyo kisigino hakiinuki. Mtu hupandishwa kileleni kwa lifti, kisha hushuka kwa uzito wake mwenyewe. Katika skii za tambarare, ambazo asili yake ni Skandinavia, buti limeshikwa penye vidole tu na kisigino kiko huru, kwa kuwa mtelezaji hujisukuma kwa miguu na fimbo. Vifaa vya pande hizi mbili haviingiliani hata kidogo, kwa hiyo ni lazima uamue upande wako kabla ya kuuliza bei.

Kwa upande wa milimani kuna skii za njia zilizosawazishwa na mashine, skii za mlima mzima, skii za theluji ya unga, skii za kupandia mlima kwa miguu, skii za sarakasi, na skii za mashindano. Kwa upande wa tambarare kuna za mtindo wa asili na za mtindo wa kuambaa. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata ni ya milimani, kwa sababu huko ndiko uteuzi unakowatatiza watu zaidi.

Nianze kununua kitu gani?

Mabuti. Jibu hili huwashangaza wengi, lakini skii nzuri iliyofungwa kwenye buti lisilokaa vizuri haiwezi kukutii, kwa sababu kila amri ya mguu hupita kwenye buti kabla ya kuifikia skii. Kinyume chake, mwenye buti linalomkaa sawasawa huweza kukodi skii za kawaida kabisa na bado akafurahia siku yake.

Namba za mabuti ya skii huhesabiwa kwa sentimita za urefu wa unyayo, kwa hiyo mguu wa sentimita 26.5 huanzia buti la 26.5. Njia ya kuhakikisha ni hii: toa buti la ndani lenye sponji, ingiza mguu kwenye ganda tupu la plastiki, sukuma vidole mpaka viguse mbele, kisha utazame nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Ikiwa ni ya sentimita moja hadi mbili, saizi ni yako. Ikizidi hapo, buti ni kubwa, hata kama linakupa raha dukani. Ukishalirudisha buti la ndani na kufunga vifungo vyote, simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Kisha kunja magoti, muundi ukiegemea ulimi wa buti, na vidole virudi nyuma viwe huru. Buti linalofanana na viatu vya nyumbani siku ya kwanza litakuwa limelegea kabla msimu haujafika katikati.

Ugumu wa buti huandikwa pembeni kwa namba. Anayeanza huwa katika 60 hadi 80 au zaidi kidogo akiwa mzito, mwenye uzoefu wa kati huwa karibu na 90 hadi 110, na wanaoteleza kwa nguvu hufika 120 na 130. Namba hizi si kipimo cha kisayansi. 100 ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa laini kuliko 90 ya mwingine.

Namba zilizoandikwa kwenye skii zinamaanisha nini?

Chukua skii yoyote dukani, igeuze utazame karibu na mkia wake. Utakuta maandishi ya namna hii: 170, kisha 124-76-106, kisha R 14.5. Namba ya kwanza ni urefu kwa sentimita. Tatu zinazofuata ni upana kwa milimita, kuanzia sehemu ya mbele iliyo pana zaidi, kupitia kiunoni chini ya buti, hadi mkiani. Ya mwisho ni nusukipenyo, kwa mita, cha duara ambalo skii ingelichora kama ungeilaza ubavu na kuiacha ifuate umbo lake.

Kutokana na namba hizo unaweza kuijua tabia ya skii hata kabla hujaivaa. Skii ya mfano wetu ina kiuno chembamba na duara dogo, hivyo ni skii ya njia zilizosawazishwa, inayopenda kona fupi na za kati. Ungekuta 138-108-128 na R 20, ungekuwa umeshika chombo cha theluji nene, chenye kona ndefu na pana.

Umbo hilo la kiuno halikuwapo sana zamani. Skii za milimani zilikuwa karibu kunyooka, nyingi zikizidi mita mbili, na kuzipindisha kulihitaji miaka ya mafunzo. Mapema katika miaka ya 1990 kampuni ya Elan ya Slovenia ilileta skii yenye kiuno cha kina, iliyopewa jina SCX, na ndani ya muda mfupi viwanda vyote vikafuata. Kwa hiyo jamaa akikuuzia kwa bei ya kutupa skii zilizonyooka za sentimita 200 kutoka kwenye gereji ya mkwewe, mshukuru na uziache hapo hapo.

Kiuno cha milimita ngapi kinanifaa?

Hili ndilo swali kuu, na ndilo linalojibiwa vibaya mara nyingi zaidi, kwa sababu watu hununua skii za siku wanazoziota badala ya skii za siku wanazoteleza kweli.

Skii inapolala ubavu kwenye theluji ngumu, ukingo wake wa chuma ndio unaokamata. Kiuno kikiwa chembamba, ukingo huo uko karibu na mstari wa katikati wa mguu, kwa hiyo mtelezaji huhamisha uzito kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kwa haraka na bila kutumia nguvu nyingi. Kiuno kikiwa kipana, ukingo uko mbali na mguu, na goti hulazimika kupambana na nguvu inayotaka kuilaza skii chini tena. Ndiyo maana mtu aliyevaa skii za milimita 105 kwenye barafu ya asubuhi huchoka magoti kabla ya chakula cha mchana. Kwenye theluji laini na nene hesabu hugeuka: upana huongeza eneo linalobeba uzito, skii huelea, na kiuno chembamba huzama.

Kama kipimo cha kufanyia kazi, kiuno cha milimita 65 hadi 80 ni cha njia zilizosawazishwa. 80 hadi 100 ni cha mlima mzima. Kinachozidi 100 ni cha theluji ya unga, na skii za unga mtupu hufika 115 na zaidi. Mipaka hii haikuchongwa kwenye jiwe, lakini inatosha kukuongoza unapoingia dukani.

Baada ya hapo, mahali unapoteleza ndipo pa kuamua. Katika majimbo ya Vermont na New Hampshire, ambako theluji huyeyuka na kuganda tena mara kwa mara, wenyeji wamezoea barafu ngumu, na kiuno chembamba chenye makali mazuri ni rafiki wa kila siku. Katika milima ya Utah na Colorado, ambako theluji huanguka ikiwa kavu na nyepesi, kiuno cha 95 au 100 si anasa. Kisiwa cha Hokkaido nchini Japani ni habari nyingine kabisa: hewa baridi kutoka Siberia huvuka bahari, hubeba unyevu na kuumwaga milimani kama unga msimu mzima, na huko hata skii ya 110 haina budi kufanya kazi. Katika Milima ya Alpi, ambako wengi wetu tulioko Ulaya huenda kwa wiki moja ya mapumziko ya shule, ukweli ni kwamba karibu muda wote unapita kwenye njia zilizosawazishwa. Kwa safari ya namna hiyo, kiuno cha 72 hadi 85 kitakuhudumia vizuri kuliko kile kipana unachokiona kwenye video.

Je, urefu wa skii hupimwa kwa urefu wa mtu?

Kwa sehemu tu. Kanuni ya haraka ni kuisimamisha skii kando yako: anayeanza achague inayofika kidevuni au mdomoni, wa kati inayofika puani hadi kwenye nyusi, na mzoefu inayofika kwenye paji la uso au kuuzidi urefu wake. Lakini skii haijui urefu wako. Inachokihisi ni uzito. Mtu mfupi mwenye kilo 95 akipewa skii fupi laini ataikunja kupita kiasi na itamtetemekea kwa kasi, na mrefu mwembamba mwenye kilo 60 akipewa skii ndefu ngumu hataweza kuikunja, hivyo itanyooka naye mpaka chini ya mlima.

Aina ya skii pia hubadilisha hesabu. Skii za slalomu, yaani mashindano ya kona fupi za haraka kati ya vijiti, huwa fupi makusudi. Katika mashindano ya kimataifa ya watu wazima kiwango cha chini ni sentimita 165 kwa wanaume na 155 kwa wanawake, na wengi hutumia hizo hizo. Skii za theluji ya unga huwa ndefu, kwa sababu ncha zake zimeinuka na sehemu inayogusa theluji ngumu ni fupi kuliko inavyoonekana.

Upinde na ncha zilizoinuka vina kazi gani?

Weka skii ya njia zilizosawazishwa juu ya meza: utaona inagusa meza mbele na nyuma, huku katikati ikiwa imeinuka kama upinde. Ukiikanyaga, upinde hunyooka na kulisambaza shinikizo kwenye ukingo wote, na ndiyo sababu skii hiyo hushika barafu na kukurusha kutoka kona moja kuingia nyingine.

Skii yenye ncha zilizoinuka, ambayo wauzaji huiita roka, huanza kupanda mapema kabla ya ncha yenyewe. Kwenye theluji nene hukwea juu badala ya kuchimba, na kwenye njia ya kawaida huanza kona kwa urahisi kwa sababu sehemu ya mbele haikamati upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtelezaji mashuhuri Shane McConkey, ambaye alikuwa amejaribu hata skii za majini kwenye theluji, aliishawishi kampuni ya Volant kutengeneza Spatula, skii iliyopindwa kinyume kabisa na mazoea. Wengi waliicheka. Leo karibu kila skii ya mlima mzima ina roka kidogo mbele na upinde chini ya buti, na mchanganyiko huo ndio ninaoupendekeza kwa yeyote asiye na sababu maalumu ya kutaka kingine.

Ndiyo kwanza naanza. Nitafute nini?

Tafuta skii laini, fupi kidogo, yenye kiuno cha milimita 70 hadi 80 na nusukipenyo cha mita 12 hadi 15, tena isiyo na tabaka la aloi ya alumini ndani yake. Tabaka hilo hutuliza mtetemo kwenye kasi kubwa, lakini kwa anayejifunza kusimama kwa mtindo wa kabari, yaani kuzikaribisha ncha za skii pamoja mbele, ni mzigo tu. Skii laini hukusamehe unapoegemea nyuma kwa woga, na kila anayeanza huegemea nyuma.

Usinunue katika siku zako za kwanza. Kodi, kwa kuwa anayejifunza hubadilika upesi mno: skii inayokufaa Jumatatu inaweza kuwa imekubana ifikapo Ijumaa, na maduka mengi ya kukodisha yatakubadilishia bila malipo ya ziada au kwa malipo madogo. Unapokabidhiwa skii za kukodi, pitisha kwa uangalifu bapa la ukucha wa kidole gumba juu ya ukingo wa chuma kwa kuukatiza. Ukingo mkali utakwangua unga mweupe kidogo kutoka kwenye ukucha, na ukingo butu utateleza tu. Ukiona butu, rudisha uombe nyingine. Hiyo ni haki yako, na haihitaji ufasaha wa Kijerumani.

Napenda kasi kwenye njia zilizosawazishwa. Je, ninunue skii za mashindano?

Kwa kawaida hapana. Skii halisi za slalomu kubwa, ambazo kanuni za kimataifa za watu wazima zinataka ziwe na nusukipenyo cha mita 30, hutaka kasi ambayo njia iliyojaa familia za wikendi haikuruhusu, na chini ya kasi hiyo hazipindi kwa hiari. Ni vyombo vya watu kama Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, ambaye mwaka 2018 alishiriki slalomu kubwa na slalomu kuu (super-G) katika Olimpiki ya Pyeongchang akiwa Mkenya wa kwanza kushindana katika skii za milimani kwenye michezo hiyo.

Viwanda hutengeneza skii zinazofanana na hizo kwa sura lakini zenye duara dogo na ugumu wa wastani. Mpenda kona fupi za haraka achukue zenye nusukipenyo cha mita 12 au 13. Mpenda kona ndefu achukue zenye nusukipenyo cha mita 16 hadi 18. Hapa tabaka la aloi lina maana, mradi una uzito na mbinu ya kulikunja.

Je, kuna skii moja inayofaa kila mahali?

Skii za mlima mzima zimetengenezwa kwa ahadi hiyo, na zinaitimiza kwa kiasi. Yenye kiuno cha 85 hadi 92 itashika vizuri kwenye njia ngumu, itapita kwenye theluji iliyochakazwa na watu alasiri, na itaelea kiasi siku theluji mpya inapofika kwenye vifundo vya miguu. Haitakuwa bora katika lolote kati ya hayo. Kwa mtu mwenye nafasi ya jozi moja tu kwenye baraza la fleti yake, sioni chaguo la busara zaidi.

Jihadhari tu na muuzaji anayekuambia kwamba skii ya 100 ni ya mlima mzima kwa kila mtu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kilichobaki ghalani mwishoni mwa msimu mara nyingi ndicho kinachosifiwa zaidi.

Nikitaka kwenda nje ya njia, kwenye theluji mbichi, nihitaji nini?

Skii ya milimita 100 au zaidi, yenye roka ya kutosha mbele na mkia usio mgumu sana, urefu ukikaribia au kuzidi wako. Lakini skii ndiyo sehemu ndogo ya jibu. Nje ya njia zinazolindwa kuna hatari ya maporomoko ya theluji, na kila mmoja katika kundi anapaswa kuvaa kifaa cha redio kinachotuma na kupokea ishara kwenye kilohezi 457, na kubeba koleo na ufito mrefu wa kuchunguzia chini ya theluji. Awe pia amefunzwa kuvitumia, kwa sababu mtu aliyefukiwa hutegemea wenzake waliosimama pale pale, si helikopta. Barani Ulaya taarifa ya hatari hutolewa kila siku kwa daraja la 1 hadi 5. Daraja la 3 si la katikati kwa maana ya kuwa salama, usilichukulie kirahisi. Mwenye bajeti finyu akodi skii, atumie fedha zake kwenye kifaa na mafunzo.

Na skii za kupandia mlima bila lifti?

Hapa uzito ndio kila kitu. Skii hizi hubandikwa chini kanda ya manyoya ya sufu ya mbuzi au nailoni, ambayo vinyweleo vyake vinalala kuelekea nyuma, hivyo huteleza mbele na kukataa kurudi. Vishikio vyake, yaani vifaa vinavyolishika buti kwenye skii, vina pini mbili zinazoingia kwenye vitobo vya ncha ya buti na kukiacha kisigino huru wakati wa kupanda. Wazo hilo ni la Fritz Barthel wa Austria, katika miaka ya 1980. Anayepanda mita elfu moja za kimo kabla ya kushuka mara moja tu atashukuru kwa kila gramu aliyoipunguza, lakini skii nyepesi hurushwarushwa kwenye theluji ngumu. Kiuno cha 80 hadi 95 ni maelewano mazuri. Usitumie skii hizi kila siku kwenye lifti.

Skii za sarakasi zinatofautianaje?

Zimepinda juu mbele na nyuma, ili mtu aweze kutua na kuteleza kinyumenyume, na vishikio huwekwa karibu na katikati. Kingo zake ni nene ili zistahimili vyuma vya kurukia. Vijana huzipenda hata kama hawaruki, na hakuna ubaya.

Ninaishi mahali pasipo na milima. Skii za tambarare huchaguliwaje?

Ukiwa Minnesota, Finland, au sehemu kubwa ya Sweden na Norway, hili ndilo swali lako hasa, na ni mchezo wa bei nafuu kuliko wa milimani. Mtu mwenye mapafu ya mbio huupenda haraka. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Kenya aliyejifunzia Finland, alishiriki mbio za kilomita 10 za mtindo wa asili katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway alimngoja kwenye mstari ili ampe mkono. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Katika mtindo wa asili skii husogea sambamba, mara nyingi ndani ya mifereji miwili iliyochongwa na mashine. Skii hiyo huwa ndefu kuliko mtu kwa sentimita 15 hadi 20 hivi, na ina upinde mkubwa katikati. Sehemu hiyo ya katikati hupakwa nta ya kukamata, au huwa na ukanda wa manyoya, au magamba yaliyochongwa kwenye plastiki. Unapojisukuma kwa mguu mmoja, upinde hunyooka, katikati hugusa theluji na kukamata. Unapoteleza kwa miguu yote miwili, katikati huinuka na kukuacha uende.

Kwa hiyo uzito wako ndio unaochagua skii, na kipimo chake hufanywa kwa karatasi. Simama juu ya skii zote mbili kwenye sakafu iliyonyooka, uzito ukiwa sawa pande zote, na muuzaji apitishe karatasi chini ya buti: ni lazima iteleze mbele na nyuma kwa urahisi. Hamishia uzito wote kwenye mguu mmoja: sasa karatasi ibanwe isitoke. Isipobanwa, skii ni ngumu mno kwako na utateleza nyuma kila mlimani. Isipoteleza hapo mwanzo, ni laini mno na utaburuta breki siku nzima. Dukani omba kipimo hiki hata kama kuna foleni.

Mtindo wa kuambaa hufanana na kuteleza kwa viatu vya magurudumu, mguu mmoja ukisukumwa kwa ubavu kisha mwingine. Skii zake ni fupi zaidi, zikimzidi mtu kwa sentimita 5 hadi 15, ni ngumu, na hupakwa nta ya kutelezea tu. Fimbo zake hufika kati ya kidevu na midomo, ilhali za mtindo wa asili huishia karibu na bega. Anayeanza ajifunze mtindo wa asili kwanza, tena kwa skii zenye ukanda wa manyoya, kwa sababu nta ya kukamata hubadilika kwa joto na ni elimu ya peke yake. Vasaloppet ya Sweden, mbio za kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora zilizoanza mwaka 1922, hutelezwa kwa mtindo wa asili, na kila mwaka gumzo la nta huanza kabla ya gumzo la mazoezi.

Je, wanawake na watoto wanahitaji skii maalumu?

Skii zinazouzwa kama za wanawake kwa kawaida ni nyepesi, laini kidogo, na kishikio chake kimesogezwa mbele kiasi. Zinamfaa mtu mwepesi, awe mwanamke au mwanamume. Mwanamke mzoefu mwenye nguvu hana sababu ya kuzuiwa na rangi ya skii.

Kwa watoto, skii ifike kati ya kifua na pua, na iwe laini. Kununua kubwa ili akue nayo, kama tunavyofanya na sare za shule, ni hatari hapa, kwa sababu skii asiyoweza kuipindisha ni skii asiyoweza kuisimamisha. Miji mingi ya milimani hukodisha vifaa vya watoto kwa msimu mzima, na huo ndio utaratibu nafuu kwa familia.

Naishi Ghuba, au nyumbani Afrika. Nahitaji skii zangu?

Hapana. Ski Dubai, ukumbi wa ndani uliofunguliwa mwaka 2005, una njia ndefu zaidi ya mita 400 hivi, na skii hutolewa pamoja na tiketi. Kwa mteremko wa namna hiyo, skii fupi za kukodi zinatosha kabisa. Vivyo hivyo Afriski, katika milima ya Lesotho iliyo juu ya mita 3,000, ambako msimu huwa kati ya Juni na Agosti. Beba mabuti yako ukiwa nayo, skii ziache.

Nikinunua skii zilizotumika, nichunguze nini?

Kwanza kingo za chuma: zisiwe na ufa wala kutengana na plastiki, na ziwe na unene wa kutosha kunolewa tena. Pili, sehemu ya chini: mikwaruzo si kitu, lakini shimo linaloonyesha mbao ndani huingiza maji na kuozesha kiini. Tatu, zishikanishe skii mbili chini kwa chini, uzitazame kwa ubavu. Zikiwa zimepinda tofauti, moja imevunjika kwa ndani.

Mwisho ni vishikio, na hapa usikisie. Kishikio ndicho kinachoachia buti unapoanguka, kabla mfupa haujaachia. Nguvu yake hupangwa na fundi kwa kufuata jedwali la kimataifa linalozingatia uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na namna mtu anavyoteleza. Ukiongeza kilo kumi, ukivuka miaka 50, au ukibadilisha mabuti, mpangilio hubadilika. Soli nazo si za aina moja: soli bapa ya zamani, soli iliyopinda ya kutembelea, na soli ya kupandia mlima kila moja ina vishikio inavyoafikiana navyo, na buti kuingia kwa mlio wa kuridhisha si ushahidi kwamba litatoka. Watengenezaji hutoa orodha ya vishikio ambavyo bado wanavidhamini; kishikio kisichokuwamo, fundi mwangalifu atakataa kukipanga. Kwa hiyo, kabla hujalipa skii za mkononi, zipeleke pamoja na mabuti yako kwa fundi, au angalau mtumie picha ya kishikio na jina la modeli, umuulize kama atakubali kukipanga.